Ext4 ilisingiziwa: namna GCC 4.9 ilivyovuruga keneli za arm64

Mwanzoni mwa Januari 2021, Russell King aliwaandikia wenzake wanaotunza keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, juu ya jambo lililokuwa limemchosha. Si mgeni katika kazi hiyo. Yeye ndiye aliyeifikisha Linux kwenye prosesa za ARM katika miaka ya 1990, na ameitunza sehemu hiyo tangu hapo. Safari hii mashine zake za arm64, yaani za prosesa za ARM za biti 64, zilikuwa zikifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kisha bila dalili yoyote ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ikatangaza kwamba cheksamu (namba ya kuhakiki) ya inodi (rekodi ya maelezo ya faili) hailingani.

Kwa anayesimamia seva, ujumbe huo unatisha. Ext4 iliyowashiwa uhakiki wa metadata huambatanisha kila inodi na namba inayokokotolewa kwa kanuni iitwayo crc32c. Inodi ikisomwa, namba inakokotolewa upya na kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa. Zikipishana, mfumo wa faili unaamini kuna kilichoharibika, na kulingana na ulivyopangwa unaweza kujifunga ukabaki wa kusomwa tu. Mtu yeyote angekimbilia diski, waya, kidhibiti cha diski, labda na RAM.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu chanzo chake hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo. Chanzo kilikuwa GCC 4.9, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya prosesa) ambayo nyaraka za keneli yenyewe zilikuwa zikisema bado inaruhusiwa.

Shaka ya kwanza

Kichwa cha ujumbe wa kwanza wa King kilisema tatizo linaonekana kuwa la mpangilio dhaifu wa kumbukumbu. Dhana hiyo ilikuwa na akili. Prosesa za ARM zina ruhusa kubwa ya kupanga upya mpangilio wa kusoma na kuandika kumbukumbu kuliko za x86 (za Intel na AMD), na kodi isiyoweka vizuizi, yaani maelekezo ya kulazimisha mpangilio, mahali panapostahili inaweza kufanya kazi kwa miaka kwenye x86 ikaanguka kwenye ARM. Kifaa kinaandika data kwenye kumbukumbu, prosesa inaisoma kabla haijakamilika, cheksamu inatoka vibaya. Hadithi inajitosheleza.

Tena ilikuwa na ushahidi. Vizuizi vikifanywa vizito zaidi, hitilafu inapungua au inatoweka. Mtu akiona hivyo anashawishika kwamba ameshika mkia wa nyoka.

Hapa pana somo chungu la uchunguzi, na sidhani kama linasemwa vya kutosha. Hitilafu inayotegemea sekunde ya tukio huathiriwa na chochote kinachobadilisha mwendo wa kodi. Ukiongeza kizuizi, maelekezo yanayokizunguka yanachukua muda tofauti. Ukiongeza mstari wa kuchapisha ujumbe, kompaila inapanga rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) upya na fankisheni nzima inazaliwa na sura nyingine. Ukirudi toleo la nyuma la keneli, kila kitu kimesogea kidogo. Katika hali hiyo njia maarufu ya kugawa historia ya mabadiliko ya kodi, inayotunzwa na Git, nusu kwa nusu ili kulipata lililoleta hitilafu inageuka kuwa kamari, maana "toleo hili ni zima" huwa na maana moja tu: hitilafu haijajitokeza kwa muda niliosubiri. Ukisubiri saa 6 kwa hitilafu inayokuja mara moja kwa wiki, utaweka alama ya uzima kwenye toleo bovu, na kuanzia hapo kila hatua inakupeleka mbali zaidi na ukweli.

King alilijua hilo, naye akaendelea kuchimba. Tarehe 7 Januari alipeleka ujumbe uliobadilisha mwelekeo wa mjadala wote. Alikuwa ameifungua keneli iliyokwisha kukusanywa, akasoma asembli, yaani maelekezo ya prosesa kwa maandishi, ya fankisheni inayokokotoa cheksamu, na humo kosa lilikuwa linaonekana kwa macho.

Kilichokuwa ndani ya ext4_chksum

Fankisheni yenyewe ni fupi. Inatenga nafasi ndogo kwenye staki, eneo la kumbukumbu la matumizi ya muda, inaweka humo thamani ya kuanzia, inaita kodi ya crc32c ipite juu ya data, kisha inasoma jibu la biti 32 kutoka nafasi ile ile na kulirudisha kwa aliyeita. Kwa mtu anayesoma C hakuna pa kukosea.

Fankisheni inapomaliza kazi, lazima irudishe staki ilivyoikuta. Kielekezi cha staki, rejista inayoonyesha staki inaishia wapi, kinapandishwa, na ile nafasi iliyotengwa inahesabiwa kuwa tupu. Mpangilio sahihi ni kusoma jibu kwanza, halafu kupandisha kielekezi. GCC 4.9 iliyapindua hayo mawili. Ilipandisha kielekezi kwanza, kisha ndipo ikasoma jibu kutoka mahali ambapo tayari si pake.

Kompaila hupanga upya maelekezo kila mara ili prosesa isikae bure, na mara nyingi ni jambo jema. Lakini sharti ijue kwamba kupandisha kielekezi cha staki kunahusiana na kila kinachosomwa chini yake. Uhusiano huo ndio uliokosekana kwenye maelezo ya AArch64 ndani ya GCC ya wakati huo, hivyo mpangaji wa maelekezo akaona vitu viwili visivyotegemeana na kuvibadilishana nafasi.

Mara nyingi hakuna linalotokea. Thamani bado iko pale pale kwenye kumbukumbu, hakuna aliyeifuta. Ni kama mteja kwa mamantilie aliyeinuka na kuiacha simu mezani, akageuka papo hapo kuichukua. Ataikuta. Ila kati ya kuinuka na kugeuka, mteja mwingine akiwa amekaa na sahani zake zimeshatua, simu haiko tena ilipokuwa.

Ndani ya keneli, huyo mteja wa pili ni mkatizo, yaani wito unaoilazimisha prosesa kuacha kwa muda kazi iliyonayo. Mkatizo ukija, iwe saa ya mfumo imepiga, au kadi ya mtandao imepokea pakiti, au diski imemaliza kuandika, keneli ya arm64 huhifadhi rejista zote mara moja kwenye staki ya kazi iliyokuwa ikiendelea, kuanzia kilipo kielekezi kushuka chini. Kielekezi kikiwa kimeshapandishwa na jibu halijasomwa, rejista hizo zinaandikwa juu ya jibu. Mkatizo unaisha, kazi inaendelea, fankisheni inasoma takataka na kuirudisha kama cheksamu. Ext4 inalinganisha na kupiga kelele. Inodi iliyosomwa inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni hesabu iliyofanywa juu yake.

Dirisha hilo ni la maelekezo machache tu. Kwa prosesa ya gigahazi 2, tunazungumzia nanosekunde. Saa ya keneli ya arm64 kwa mpangilio wa kawaida hupiga mara 250 kwa sekunde, na mikatizo mingine inaongezeka kulingana na kazi. Ndiyo maana seva inaweza kukaa wiki kadhaa bila tukio, kisha ikapata moja usiku ambao hakuna anayeitazama.

Kanuni ya ARM kuhusu staki haina utata: kilicho chini ya kielekezi hakiguswi. Kwenye Linux ya x86-64 programu za kawaida zimepewa baiti 128 chini ya kielekezi ambazo zinaruhusiwa kuzitumia, na hata hapo keneli hukusanywa kwa chaguo la -mno-red-zone ili isiutumie ukanda huo, kwa sababu hii hii ya mikatizo. AArch64 haina ukanda wa namna hiyo. GCC ilivunja sheria iliyoandikwa, tena pale ambapo programu nyingi za kawaida zisingeumia kwa urahisi. Programu za kawaida zina staki yao, na mikatizo ya prosesa hutua kwenye staki ya keneli. Wa kuumizwa alikuwa keneli.

Kosa hili lilikuwa na ndugu

Hiki ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 2014 King huyo huyo aliweka kwenye kodi ya ARM ya biti 32 marufuku dhidi ya GCC 4.8.0 hadi 4.8.2. Sababu yake iliandikwa pale pale kwenye maoni ya kodi: kasoro namba 58854 ya GCC, inayokusanya vibaya fankisheni ya find_get_entry na kuweza kuharibu ext3 na ext4. Hiyo nayo ilihusu data ya staki kuguswa baada ya kielekezi kuondoka.

Mwaka huo huo wa 2014, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikuta GCC 4.9.0 ikitoa kodi mbovu kwa x86-64 ndani ya load_balance, fankisheni ya kugawa kazi kati ya prosesa. Pale kompaila ilihifadhi thamani kwenye staki kabla ya kuitenga nafasi yake. Alikasirika hadharani, kama ilivyokuwa kawaida yake, na keneli ikaongezewa chaguo la -fno-var-tracking-assignments ili kuikwepa.

Kwenye arm64, kasoro iliyokuja kumpata King ilipewa namba 63293 na iliripotiwa kwa watengenezaji wa GCC mwaka 2014 pia. Dawa ikaingia kwenye GCC 5.1, iliyotoka Aprili 2015. Tawi la 4.9 liliendelea kuishi hadi 4.9.4 ya Agosti 2016, na dawa haikuwahi kurudishwa humo. Kwa hiyo mtu aliyechukua toleo la mwisho kabisa la 4.9, akiamini kwamba namba kubwa ya mwisho ina maana ya marekebisho yote, alichukua kompaila yenye kasoro iliyokuwa inajulikana na ambayo dawa yake ilikuwa na zaidi ya mwaka tangu itoke.

Sasa soma historia ya kima cha chini cha toleo la GCC ambacho keneli inakubali sambamba na hayo. Hadi 2018 nyaraka za Linux zilikuwa zinakubali GCC 3.2. Linux 4.19 ilikipandisha kima hadi 4.6. Mwaka 2020 kikapandishwa mara mbili kwa mfululizo, hadi 4.8, kisha 4.9. Torvalds alipokiweka kwenye 4.9 Julai ya mwaka huo, alitaja kasoro za matoleo ya nyuma zilizokuwa zimejaza keneli na njia za kuzikwepa, pamoja na sintaksia ambazo matoleo hayo hayakuwa nazo. Hesabu ilikuwa nzuri kwa yale yaliyokuwa mezani. Kasoro 63293 haikuwa mezani. Ilikuwa kwenye rejesta ya mradi mwingine, imefungwa, ina alama ya kutatuliwa, na hakuna aliyeihusisha na kima kilichokuwa kinaamuliwa.

Kwa maoni yangu udhaifu mkubwa wa kisa hiki uko hapo, kuliko hata kwenye kompaila yenyewe. Mradi wa ngazi ya chini ukitangaza kima cha chini cha kompaila, unatoa ahadi kwamba toleo hilo linatoa kodi sahihi kwa msimbo wetu. Lakini kwa desturi kima hicho huamuliwa kwa swali jepesi zaidi: je, inakusanya bila kulalamika? GCC 4.9.4 ilikusanya keneli ya 2020 bila lalamiko lolote. Keneli ikawaka, ikahudumia watu, ikafaulu majaribio.

Uamuzi

Tarehe 12 Januari 2021 Will Deacon, mmoja wa watunzaji wa arm64, aliandika kiraka (badiliko la kodi) kinachopandisha kima hadi GCC 5.1 kwa arm64 peke yake. Katika maelezo yake alisema maisha ni mafupi mno kuyapoteza kwa kompaila mbovu. Kiraka chenyewe ni mistari michache ndani ya compiler-gcc.h: ukiwa unakusanya kwa ajili ya arm64 na GCC iko chini ya 5.1, kazi inasimama na ujumbe unakuambia kompaila yako imepitwa na wakati. Juu ya mistari hiyo kuna viungo viwili, kimoja cha kasoro ya GCC na kingine cha ujumbe wa King wa tarehe 7. Kikaingia kwenye Linux 5.11 na kurudishwa kwenye matawi ya zamani yaliyokuwa bado yanatunzwa.

Nakipenda kiraka hicho kwa mambo mawili. Kwanza, kinasimamisha kazi badala ya kuonya. Onyo kwenye ukusanyaji wa keneli linazama katikati ya maelfu ya mistari, na anayekusanya kwa hati ya usiku halisomi kabisa. Pili, sababu iko pale pale kwenye kodi. Mtu atakayekuja miaka 10 baadaye akitaka kuondoa sharti hilo atajua linamlinda dhidi ya nini.

Kulikuwa na hoja za upande wa pili, na zina uzito. Wasambazaji wa Linux hurudisha marekebisho kwenye kompaila zao bila kubadilisha namba kuu, kwa hiyo namba inaweza kumhukumu asiye na hatia. Njia mbadala ni ile keneli inayoipenda sana: badala ya kuuliza namba, jaribu uwezo. Kconfig, mfumo wa kupanga chaguo za keneli, ina njia ya kuuliza kompaila kama inalijua chaguo fulani, na jibu hilo ni la kuaminika kuliko namba. Lakini njia hiyo inafaa kwa uwezo, haifai kwa kasoro kama hii. Mpangaji wa maelekezo anaweza kuiacha fankisheni yako ya majaribio salama na kuiharibu nyingine yenye umbo tofauti kidogo. Huwezi kuthibitisha kwa kipande kidogo cha kodi kwamba kosa halipo kwenye keneli nzima. Kwa hiyo namba, pamoja na ubutu wake, ilikuwa chombo sahihi hapa. Mwenye kompaila iliyotibiwa na msambazaji wake anapoteza muda wa kusakinisha mpya. Mwenye isiyotibiwa anaweza kupoteza data.

Hoja ya kutobadilisha kompaila nayo haikuwa ujinga. Watu wanaotunza keneli hushikilia kompaila moja kwa miaka kwa makusudi, ili keneli ikianza kuleta tabu wajue kilichobadilika ni keneli. Ukibadilisha vyote viwili kwa pamoja, hujui umshike nani. Ila msimamo huo unalindwa na dhana kwamba kompaila ya zamani imeshajulikana, na 4.9.4 haikuwa imejulikana. Ilikuwa imezoeleka tu.

Miezi michache baadaye, kwa Linux 5.15, kima cha 5.1 kikawa cha prosesa zote. Faida haikuishia kwenye usalama. Kuachana na 4.9 kulisaidia kuifungulia keneli njia ya kuhama kutoka C ya 1989 kwenda ya 2011, hatua iliyofanyika Linux 5.18 mwaka 2022. Mwaka 2025, Linux 6.16 ikapandisha tena hadi GCC 8.1.

Tofauti na Rust, lugha nyingine ya programu, inaonyesha upande mwingine. Rust ilipoingia kwenye Linux 6.1, Desemba 2022, keneli ilifungwa kwa toleo moja tu la kompaila, 1.62.0, kwa kuwa ilitegemea vipengele vya lugha ambavyo havijatulia na vingeweza kubadilika toleo lolote. Kufungwa huko kuliwapa watunzaji uhakika, lakini kukawakera wanaotumia kompaila ya msambazaji wao. Kuanzia Linux 6.11 mwaka 2024 wakahamia kwenye kima cha chini, 1.78.0, na kukubali matoleo yanayofuata. Sioni kama moja ya njia hizo ni bora kila mahali. Timu ndogo inayotengeneza programu dhibiti ya kifaa kimoja ingefanya vizuri kufunga toleo moja kabisa na kuliweka kwenye kontena. Keneli, inayokusanywa na watu wasiofahamiana katika mazingira yasiyohesabika, haiwezi.

Kwa anayekusanya mwenyewe

Keneli huacha alama za kutosha, tatizo ni kwamba hatuziangalii hadi mambo yaharibike. Faili ya .config inaandika CONFIG_CC_VERSION_TEXT, maneno kamili ya toleo la kompaila, pamoja na CONFIG_GCC_VERSION kwa namba: 4.9.4 inaonekana kama 40904. Hifadhi faili hiyo pamoja na keneli uliyoitoa, sio peke yake kwenye mashine ya kukusanyia itakayofutwa. Ukiripoti hitilafu bila maneno hayo, unamnyima atakayekusaidia nusu ya msimbo chanzo.

Usitegemee kompaila inayoitwa "gcc" tu, kwa sababu sasisho la mfumo linaweza kuibadilisha chini ya miguu yako. Itaje kwa jina lenye namba: make CC=gcc-12. Kwa kukusanya arm64 ukiwa kwenye kompyuta ya x86, Arnd Bergmann hutoa kwenye kernel.org GCC zilizokwisha kukusanywa, za matoleo mengi na kwa prosesa nyingi. Kila moja inafunguliwa kwenye folda yake bila kugusa ya mfumo, na unaielekeza kwa CROSS_COMPILE. Kwa wengi wetu tunaolipia data kwa bando, kupakua faili hiyo mara moja na kuitunza ni nafuu kuliko kuvuta picha nzima ya mfumo mpya.

Ukishuku kompaila, fanya jaribio lenye kitu kimoja tu kinachobadilika: msimbo ule ule, .config ile ile, matoleo mawili ya GCC. Kisha toa fankisheni unayoishuku kwa objdump -d na uzisome zote mbili, hasa mistari ya mwisho kabla ya ret, elekezo la kurudi kwa aliyeita. Kwenye arm64 tafuta mahali sp (kielekezi cha staki) inapoongezwa, halafu angalia kama kuna ldr (elekezo la kusoma kumbukumbu) inayofuata ambayo anwani yake inatokana na staki iliyokwisha kuachwa. Rejista inayotumika inaweza isiwe sp yenyewe. Inaweza kuwa nyingine iliyobeba anwani hiyo tangu mwanzo wa fankisheni, na hapo ndipo jicho la haraka linapopitiwa.

Na kwa mashine ambazo tayari zinafanya kazi, hasa bodi za arm64 zilizokuja na keneli ya mtengenezaji ambayo haijaguswa kwa miaka, cat /proc/version inataja kompaila iliyotumika. Picha nyingi za zamani zilijengwa juu ya Debian 8, ambayo GCC yake ilikuwa 4.9.2. Ukiliona toleo la 4.9 hapo na ext4 inalalamikia cheksamu, ijenge upya keneli kwa kompaila mpya kabla hujaitupa diski.